Gari Lililozeeka Linapogonga na Kutetemeka: Namna ya Kutafuta Ubovu Kabla ya Kununua Spea

Injini ya petroli ya Toyota iitwayo 1NZ-FE, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,497, imo ndani ya IST, Premio, Allion, Probox na Corolla nyingi zinazotembea Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala. Mengi ya magari hayo yaliingia Afrika Mashariki yakiwa yameshatumika Japan kwa miaka kadhaa, kisha yakaongeza mingine kumi au zaidi huku. Hata lile ambalo dashibodi yake inaonyesha kilomita chache lina mipira, gasketi na maunti (mipira inayoshikilia injini kwenye bodi) zilizochoka, kwa sababu mpira hukauka na kupasuka kwa umri na joto hata kama gari lilikuwa likilala kwenye banda. Mwongozo huu unatumia injini hiyo kama mfano. Utaratibu wake unafaa kwa injini nyingine za petroli zenye nozeli (zinazopulizia petroli) na koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi), ila vipimo vya namba hutofautiana na ni lazima vitafutwe katika kitabu cha injini husika.

Fedha nyingi za mwenye gari kuukuu huishia kwenye spea zilizonunuliwa chanzo cha ubovu kikiwa bado hakijajulikana. Plagi nne zinabadilishwa, gari linaendelea kutetemeka. Zinafuata koili nne, kisha sensa ya hewa, na mwishowe inagundulika kwamba kilichopasuka ni mpira wa vakyumu wa bei ya soda. Dawa ya hali hiyo ni kupima kwa mpangilio, ukianza na vipimo visivyogharimu kitu.

Maswali yanayotangulia spana

Jinsi mlio unavyosikika ni ushahidi dhaifu, kwa kuwa kila mtu huueleza kwa namna yake. Wakati unaposikika ndio ushahidi wenye nguvu. Kwa hiyo, kabla ya kufungua boneti, andika majibu ya maswali manne. Je, mlio unatokea injini ikiwa baridi asubuhi, ikishapata moto, au nyakati zote? Je, ukikanyaga mafuta gari likiwa limesimama, mlio unaongeza kasi pamoja na injini? Je, unazidi gari linapobeba mzigo, kama vile kupanda mlima ukiwa na abiria watano na kiyoyozi kimewashwa? Na je, ukiwa kwenye barabara tupu na tambarare, ukiweka N gari likiwa bado linaserereka, mlio unashuka na injini au unaendelea kufuata kasi ya magurudumu? Mlio ukiendelea kufuata magurudumu, iache injini, ukague beringi za magurudumu na jointi za ekseli.

Mlio unaosikika asubuhi peke yake una tabia ya kutoweka gari linapofika gereji, kwa sababu njiani injini imeshapata moto. Katika hali hiyo ni afadhali gari lilale gereji, fundi aliwashe mwenyewe kesho yake, kuliko kumweleza kwa maneno.

Hesabu moja ndogo husaidia sana. Kemshafti, ambayo ndiyo hufungua vali, huzunguka nusu ya kasi ya krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Injini hii ikiwa kwenye sailensi, yaani ikizunguka karibu mara 700 kwa dakika bila mafuta kukanyagwa, mlio wa vali moja utasikika karibu mara 6 kwa sekunde, ilhali mlio wa kitu kilichofungwa moja kwa moja kwenye krenki, kama puli ya mbele, unaweza kufika karibu mara 12. Sikio lisilo na mazoezi haliwezi kuhesabu kwa kasi hiyo, lakini linaweza kutambua kama mlio ni wa taratibu au wa haraka ukilinganishwa na mtetemo wa injini yenyewe.

Kisha pima oili. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika tano au zaidi, vuta kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho na ukivute tena. Injini ya 1NZ-FE huchukua lita 3.7 pamoja na filta, na kupungua kwa oili huleta milio mapema kwa sababu kikaza mnyororo wa taiming (unaozungusha kemshafti kutoka kwenye krenki) na mfumo wa VVT-i (unaobadilisha wakati wa vali kufunguka) vyote viwili hutegemea presha ya oili ili kufanya kazi. Tazama rangi pia. Utando mwembamba wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa ni unyevu tu wa gari linalofanya safari fupi fupi, lakini kijiti kikitoka na oili nzima ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani na injini isiwashwe tena. Maji ya rejeta yapimwe injini ikiwa imepoa kabisa. Kifuniko cha rejeta yenye moto kikifunguliwa hurusha mvuke na maji yanayounguza.

Milio iliyo nje ya injini

Anza na vitu vya nje, kwani ni vingi na matengenezo yake ni nafuu. Kabla ya kuinama juu ya injini inayozunguka, vua mtandio, tai, kitambulisho cha kamba shingoni na shati lenye mikono mipana, na usipeleke mkono karibu na feni ya rejeta, ambayo huweza kuanza kuzunguka yenyewe.

Mlio mkali wa kupiga kelele wakati wa kuwasha gari asubuhi, au pale kiyoyozi kinapowaka, kwa kawaida hutoka kwenye mkanda. Mwagia maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji injini ikiwa kwenye sailensi. Mlio ukinyamaza kwa muda mfupi kisha ukarudi, mkanda umekwisha au puli haziko kwenye mstari mmoja. Ukizidi, mkanda unateleza kwa kulegea. Kama mlio ni wa kusaga na maji hayaubadilishi hata kidogo, shuku beringi ya altaneta, ya pampu ya maji au ya puli ya kukazia. Hapo chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwenye mwili wa kifaa kimoja baada ya kingine, mbali na mkanda, na mpini uuweke kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Beringi nzima hutoa mvumo laini. Iliyokufa hutoa mkwaruzo unaoingia moja kwa moja kichwani, na hutahitaji kuambiwa tofauti hiyo mara mbili. Kipimo cha kuthibitisha ni kuvua mkanda na kuiwasha injini bila huo mkanda, lakini kwa chini ya dakika moja, kwa kuwa katika injini hii mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji.

Mlio wa kupiga kwa haraka unaosikika injini ikiwa baridi na kupungua inapopata moto mara nyingi ni ekzosi inayovuja kwenye gasketi ya manifoldi, kwa sababu chuma kikipanuka ufa hujiziba. Tafuta alama nyeusi ya masizi karibu na kiungo. Mlio wa bati linalotikisika katika mzunguko fulani tu ni wa ngao ya joto iliyoachia bolti. Ukaze kwa klampu na uendelee na mambo mengine.

Kuna ubovu mmoja wa nje ambao umewafanya wengi wabomoe injini nzima. Katika gari la gia otomatiki, injini imeunganishwa na gia boksi kwa sahani nyembamba ya chuma iliyofungwa nyuma ya krenki. Sahani hiyo ikipasuka, au bolti zake zikilegea, hutoa mgongo mzito, yaani mlio wa kugonga, unaofanana kabisa na wa konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) iliyokufa. Fundi akisema injini imekufa, mwombe kwanza afungue kifuniko kidogo kilicho kati ya injini na gia boksi, akaze bolti hizo na kutazama kwa tochi kama kuna nyufa kuzunguka matundu yake.

Kugonga kunakotoka ndani

Si kila kinachosikika ni ubovu. Nozeli za petroli hutoa mlio mwepesi na wa haraka upande hewa inakoingilia, na ule ni mlio wake wa kuzaliwa. Mlio wa vali ni mzito kidogo kuliko huo na hutoka chini ya kifuniko cha juu. Katika 1NZ-FE nafasi ya vali haijirekebishi yenyewe kwa oili. Hupimwa kwa filagei (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi) injini ikiwa baridi, nayo inatakiwa iwe kati ya milimita 0.15 na 0.25 kwa vali za kuingiza hewa, na kati ya 0.25 na 0.35 kwa vali za kutoa moshi. Kurekebisha kunahitaji kutoa kemshafti na kuweka vikombe vya unene tofauti, kazi ambayo isifanywe kwa kubahatisha. Nafasi iliyozidi kidogo huleta kelele tu. Iliyopungua haina kelele kabisa na ndiyo ya hatari, kwa kuwa vali haifungi vizuri na huungua taratibu.

Mkwaruzo wa sekunde moja au mbili mara tu injini baridi inapowaka, kisha ukimya, huelekeza kwenye mnyororo wa taiming, kikaza chake au gia ya VVT-i iliyo mbele ya kemshafti. Mnyororo haubadilishwi kwa ratiba kama mkanda wa taiming wa injini za zamani, na hilo limewafanya watu waamini kwamba hauchakai. Huchakaa, hasa oili inapokaa mpaka ikageuka lami. Anza kwa kubadilisha oili na filta, ukitumia uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Halafu toa vali ya oili ya VVT-i na chujio lake dogo la waya, kwani uchafu mahali hapo huleta mlio na sailensi mbaya kwa pamoja. Mkwaruzo ukiendelea hata injini ikiwa ya moto, usisubiri: mnyororo ukiruka meno, vali zinaweza kukutana na pistoni.

Pistoni iliyolegea ndani ya silinda hugonga asubuhi na kunyamaza ikishapanuka, na gari la namna hiyo huweza kutembea miaka mingi bila kuharibika zaidi. Beringi ya konrodi ni kinyume chake. Mgongo wake ni mzito, hutoka chini karibu na sampu (bakuli la oili), huongezeka oili inapopata moto na kuwa nyepesi, na husikika zaidi unapoachia mafuta baada ya kupiga resi kidogo. Ukichomoa soketi ya koili ya silinda husika, mgongo hupungua kwa sababu hakuna tena mlipuko unaoisukuma pistoni. Mgongo huo ukiambatana na taa nyekundu ya oili, zima injini hapo hapo ulipo na uite gari la kuvuta. Gharama ya kuvutwa kutoka Chalinze hadi mjini ni ndogo ukiilinganisha na ya konrodi iliyotoboa bloku.

Mlio mwembamba wa kugongagonga unaosikika tu gari linapopanda mlima kwa gia kubwa, na kutoweka ukipunguza mafuta, ni petroli inayolipuka kabla ya wakati wake. Sababu ni joto lililozidi, masizi ndani ya silinda, au petroli duni. Kuchanganya mafuta ya taa kwenye petroli, ambako hushusha uwezo wake wa kuhimili mgandamizo, kulikuwa kumeenea kiasi kwamba mwaka 2010 Tanzania ilianza kuweka vinasaba (alama za kemikali za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta chini ya usimamizi wa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na Kenya ikaweka tozo kwenye mafuta ya taa mwaka 2018. Kama mlio ulianza baada ya kujaza kituo fulani, tumia mafuta hayo yaishe kwa mwendo wa pole, ujaze kwingine, kisha ndipo uamue kama kuna ubovu.

Injini inapomisi na kutetemeka

Kwanza tenganisha injini inayotetemeka na gari linalotetemeka. Weka D huku umekanyaga breki kwa nguvu, sikiliza, kisha weka N. Kama mtetemo unajaa usukani na viti katika D lakini sindano ya mzunguko imetulia na mlio wa ekzosi ni wa mfululizo, injini inawaka vizuri na kilichokufa ni maunti. Kama ekzosi inakosa pigo kila baada ya muda na sindano inacheza, silinda moja au zaidi haichomi vizuri.

Kutambua ni silinda ipi, acha injini kwenye sailensi na uchomoe soketi ya umeme ya koili moja, subiri sekunde chache, uirudishe, uende nyingine. Silinda nzima ikizimwa, injini hushtuka na kushuka. Ile ambayo haileti mabadiliko yoyote ndiyo mgonjwa. Usivute koili yenyewe kutoka kwenye plagi ikiwa na umeme, na usirefushe kipimo hiki, kwa sababu petroli isiyochomwa huingia kwenye kataliti (kichujio cha moshi kwenye ekzosi) na kuiharibu. Kwa sababu hiyohiyo, taa ya injini inayowaka na kuzima mfululizo unapoendesha ni amri ya kupunguza mwendo na kusimama, tofauti na taa iliyowaka bila kucheza.

Ukishaipata silinda, zima injini, hamishia koili yake kwenye silinda ya jirani na uwashe. Tatizo likihama nayo, nunua koili moja. Likibaki palepale, toa plagi uitazame kwenye mwanga. Plagi ya silinda yenye afya ina kauri ya kahawia hafifu au kijivu. Masizi makavu meusi maana yake petroli imezidi au hewa imepungua. Utando wa mafuta unaong'aa ni oili inayopita kwenye ringi za pistoni au mipira ya vali. Na plagi iliyosafishwa ikawa nyeupe kupita wenzake, katika gari linalopunguza maji ya rejeta bila kuvuja, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Nafasi ya plagi za injini hii ni milimita 1.1. Chungulia pia ndani ya shimo la plagi. Ukikuta limejaa oili, iliyopita ni gasketi ya kifuniko cha juu, na oili hiyo hulainisha mpira wa koili mpaka umeme ukatafuta njia ya mkato. Kubadilisha koili bila kubadilisha gasketi ni kununua koili nyingine baada ya miezi michache. Plagi irudishwe kwa vidole kwanza, injini ikiwa imepoa, kwani hedi ni ya aluminiamu na nyuzi zake huharibika kwa urahisi.

Kama silinda zote zinashiriki kutetemeka, chanzo ni kitu kinachotumiwa na zote. Sailensi iliyopanda au inayopanda na kushuka, ambayo hutulia ukikanyaga mafuta, ni dalili ya hewa inayoingia kwa wizi. Kagua mpira mnene unaotoka kwenye ea klina, ukiukunja kwa mikono ili nyufa za chini zionekane, mipira midogo ya vakyumu, na ile ya vali ya PCV (inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini). Mafundi wengi hupuliza dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka manifoldi na kusikiliza injini ikibadilika. Kipimo hicho hufanya kazi, lakini dawa hiyo hushika moto kwa haraka, na injini yenye ekzosi ya moto si mahali pa kuichezea. Maji yenye sabuni kwenye chupa ya kupulizia hutosha kwa nyufa nyingi.

Sailensi ya chini inayotaka kuzima gari kwenye foleni, hasa kiyoyozi kikiwaka, mara nyingi ni uchafu mweusi uliojikusanya kwenye mdomo wa throto (mlango wa hewa ya injini). Safisha kwa kitambaa na dawa yake, injini ikiwa imezimwa, na usishangae sailensi ikiyumba kwa muda baadaye, kwani kompyuta inajifunza upya. Gari linalotulia vizuri kwenye sailensi lakini likakosa nguvu kwenye mlima au kwenye mwendo mkubwa lina njaa ya petroli: pampu imechoka au chujio lililo ndani ya tanki limeziba. Presha sahihi ya petroli kwa injini hii ni kati ya kilopaskali 304 na 343, na hupimwa kwa geji. Tabia ya kuendesha huku taa ya mafuta imewaka kila siku huchosha pampu, ambayo hupozwa na petroli inayoizunguka.

Mashine, presha ya silinda na uamuzi

Mashine ya kupimia, inayosoma namba za hitilafu kutoka kompyuta ya gari, ina thamani ikitumika baada ya vipimo hivi. Namba P0301 inasema silinda ya kwanza, ile iliyo upande wa mnyororo, inamisi. Haisemi kama ni plagi, koili, nozeli au vali. P0171 inasema mchanganyiko una petroli pungufu. Haisemi ununue sensa. Toyota nyingi za mwanzo wa miaka ya 2000 zilizotengenezwa kwa soko la Japan hazizungumzi na vifaa vya bei nafuu vya kuunganisha na simu, hivyo kifaa kikishindwa kusoma usihitimishe kwamba kompyuta ya gari imekufa. Mashine nzuri ikiwepo, tazama asilimia za marekebisho ya petroli: zikiwa juu kwenye sailensi na kushuka mzunguko ukifika 2,500, hewa inaingia kwa wizi; zikizidi kupanda gari linapobeba mzigo, petroli haifiki ya kutosha au sensa ya hewa ni chafu.

Silinda inayoendelea kumisi ilhali koili, plagi na nozeli ni nzima, ipimwe mgandamizo. Betri iwe na chaji kamili, plagi zote zitolewe, soketi za nozeli na koili zichomolewe, throto ifunguliwe yote, kisha upigwe stata. Injini ya 1NZ-FE mpya hutoa karibu kilopaskali 1,471. Kikomo cha chini ni 1,079, na tofauti kati ya silinda isizidi 98. Silinda ikiwa chini, tia kijiko cha oili kupitia shimo la plagi na upime tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Kisipopanda, tatizo liko kwenye vali au gasketi ya hedi, na hapo hedi peke yake huweza kutengenezwa bila kugusa chini.

Ringi au konrodi zikishakwisha, mwenye gari huchagua kati ya ovahoo (kuifungua injini na kuitengeneza upya) na injini ya mtumba. Kwa maoni yangu injini ya mtumba inafaa tu ikiwa muuzaji anakubali ipimwe mgandamizo kabla ya malipo, plagi zitolewe na kifuniko cha oili kifunguliwe, kwani injini yenye tope jeusi chini ya kifuniko itakurudisha kwenye mkwaruzo wa mnyororo uleule unaoukimbia. Andika namba yake iliyochongwa kwenye bloku, dai risiti yenye namba hiyo, na upeleke mabadiliko kwa mamlaka ya usajili, kwa sababu kadi ya gari inabeba namba ya injini na mnunuzi wako wa baadaye ataifananisha.